Ufagio wa Ouma Rakel

Mgongo wangu ndio uliostaafu; mimi mwenyewe nilikuwa bado naitaka kazi. Daktari aliinua picha ya mifupa yangu kwenye mwanga akasema, "Umeharibika hapa na hapa." Nikamwambia hapo pa juu ni Oupa Gert, aliyekuwa mzito kuliko magunia mawili ya sementi, na hapo pa chini ni yule mama wa chumba cha tisa, aliyekuwa akishikilia chuma cha kitanda kila tulipotaka kumgeuza. Daktari hakucheka. Daktari hajawahi kumgeuza mtu, anaandika tu kwamba ageuzwe.

Tangu nikae nyumbani ninyi mlioingia nyuma yangu mmekuwa mkinipigia simu. "Papa Elie, huyu anauma." "Papa Elie, yule hataki kuoga, tufanyeje?" Binti yangu Neema amechoka kusikia habari za makalio ya wazee wakati anakula, akaniambia, andika yote mara moja uwatumie. Basi naandika. Shule niliishia darasa la tano kule kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, kwa hiyo mahali nukta imekosekana pumueni wenyewe. Cheo sitakitaja kwa sababu sikukipata. Mshahara mnaujua. Nitaandika siku ya kwanza, nitaandika mtu aliyenifundisha, na nitaandika habari za mwanamke mmoja niliyemtunza miaka mitatu, Ouma Rakel. Ouma ni bibi kwa Kiafrikana, na Oupa ni babu. Na waliokosa nitawataja kwa majina. Hilo nalo alinifundisha yeye.

Nilifika Johannesburg nimevaa viatu vya mtu mwingine. Vya kwangu vilibaki Baraka, mlangoni, pamoja na vya mama yangu. Siku ile hatukuvaa, tulikimbia. Mama hakufika mbali. Hayo nayaacha hapo. Mtaani Joubert Park tulikuwa tunalala watu sita chumba kimoja, wote wa kwetu, na mchungaji ndiye aliyesikia kwamba kuna nyumba ya wazee Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, wanatafuta mwanamume wa kunyanyua. Hawakuuliza nimesoma nini. Walitazama mabega.

Aliyenipokea ni MaKhumalo, mwanamke mfupi, mpana, mikono mikubwa ya kukanda mikate. Alikuwa amefanya kazi hiyo tangu mimi nikiwa mtoto. Tuliongea Kiingereza cha vipande, Kizulu cha vipande, na vidole. Alinifundisha mambo ambayo hadi leo sijaona kitabu kinachoyazidi. Pasha mikono yako moto kwanza, kwa maji au chini ya kwapa lako, kabla hujamgusa mtu. Mwambie unachotaka kumfanyia hata kama ni kiziwi, hata kama amezimia. Usivute mkono wa mzee, mkono wa mzee unachomoka kama bawa la kuku, vuta shuka. Kunja shuka mara nne, lilaze chini ya kiuno, mmoja huku, mmoja kule, na mnyanyuke wote kwa "tatu", si kwa "mbili". Mimi siku ya kwanza nilinyanyuka kwa "mbili". Mgongo ulianza kunidai siku hiyohiyo.

Saa nne asubuhi akanipa beseni la maji ya uvuguvugu na kitambaa, akaniambia, "Chumba cha nne. Muoshe uso tu. Hana matata."

Chumba cha nne kilikuwa na dirisha la upande wa magharibi. Kitandani alikaa bibi mwembamba, ngozi ya kahawia kavu, macho ya kijivu, kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa wa kwanza asiye mzungu kulala katika nyumba ile. Kabla yake watu wa rangi zetu waliingia mle na ndoo. Aliponiona akaninyooshea mkono, akasema:

"Kom. Kom."

Nikasimama palepale. Kwetu mtu mzima akikuambia koma, unakoma. Nikaweka beseni chini taratibu ili aone sina ubaya. Akakunja uso.

"Kom, man! Kom!"

Nikarudi nyuma mpaka kisigino kikagonga mlango. Kadiri alivyonipigia kelele ndivyo nilivyozidi kuomba msamaha kwa Kiswahili na kuondoka. Nikamkuta MaKhumalo kwenye korido.

"Hawu, wena! Bibi anakuita mara nne, unakimbilia wapi?"

"Ananikataza. Ananiambia niache."

"Nani kakuambia uache? Kom ni njoo. Ni Kiafrikana hicho."

Nilipomweleza maana ya koma katika lugha yetu, alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha choo kilichokuwa kikisubiri kuoshwa. Saa ya chai aliwaambia wote. Tangu hapo jina langu likawa Koma. Mwaka mzima, jikoni, kwenye kufulia, getini: "Koma, kom!" Halafu kicheko. Yule mlinzi wa geti hata hakujua maana yake, lakini alicheka kuliko wote. Nilicheka nao. Mtu ambaye makaratasi yake ya ukimbizi ni ya muda hucheka na kila anayecheka. Lakini lilinikaa rohoni, na mtaona mbele lilivyotoka.

Msimamizi wa upande wetu alikuwa Matroni Estelle. Hili ndilo jina la kwanza la waliokosa. Alikuwa na kalamu nne kwenye mfuko wa kifua na hakuwahi kumwazima mtu hata moja. Sisemi alikuwa mkatili. Alikuwa mtu wa karatasi: kitu kikiandikwa, kimekuwa, kisipoandikwa, hakikuwepo. Wiki yangu ya pili akaandika kwenye karatasi ya chumba cha nne: anakataa chakula.

Nieleze ilivyokuwa. Katika ukumbi wa kulia, ambako Ouma ndio kwanza alikuwa ameanza kupelekwa, sahani tupu zilipangwa mezani kabla toroli la chakula halijafika. Ouma Rakel akifika mezani, kitu cha kwanza, anaigeuza sahani yake kifudifudi. Kikombe vilevile. Toroli likija, wapakuaji wanaona sahani imegeuzwa, wanapita. Siku tatu. Ya nne wakaanza kumlisha uji chumbani kwa kijiko, mmoja akimshika kidevu. Naye aliutema, maana hata mimi ukinishika kidevu nitatema.

Mimi nilimwona siku ile ya tatu. Niliona jinsi alivyolifuata toroli kwa macho likipita. Huyo si mtu anayekataa chakula. Na nilipoitazama ile sahani, nikaiona meza ya mama yangu Baraka. Mama aliosha vyombo ziwani, akavipanga kichanjani vyote vimelala kifudifudi, kwa sababu ya vumbi na masizi, na kikombe cha maji kililala juu ya kifuniko cha mtungi, mdomo chini. Kwetu chombo kilichogeuzwa maana yake ni safi, kinamsubiri mtu. Kilichoangalia juu ndicho kimekwisha kazi.

Siku ya tano nikamleta ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Akageuza sahani. Toroli likaja. Nikainua sahani, nikaipangusa ndani kwa kidole changu kikavu, nikamwonyesha: hakuna kitu. Nikapakua viazi, nyama ya kusaga na maboga. Akala vyote. Alipomaliza akaniuliza, MaKhumalo akitutafsiria, "Wewe mama yako ni nani?" Nikamwambia jina la mama. Sikuwa nimelitaja tangu Baraka.

"Alikulea vizuri," akasema. "Kwenu nako kuna mchanga?"

Hapo ndipo nilipoanza kuusikia mji aliokulia. Nimeusikia miaka mitatu, kwa Kiafrikana nilichokiokota kwake, kila nilipomchana nywele, kila nilipompaka mafuta miguu, na nitawaambia ukweli: sijawahi kuuona na sitauona, lakini ninautamani kuliko mahali nilipozaliwa. Pengine kwa sababu kule nilikozaliwa kukumbuka kunauma, na ule mji wake aliukumbuka kwa niaba yangu.

Ulikuwa jangwani, upande wa magharibi kabisa, pale mchanga unapokutana na bahari na hakuna hata mti mmoja wa kufungia mbuzi. Wazungu waliujenga kwa ajili ya almasi, siku mama yake Ouma bado msichana, kabla ya ile vita yao ya kwanza. Almasi ziliokotwa na wanaume wanaotambaa kwa magoti katika mchanga, wamefungwa kitambaa mdomoni wasije wakazimeza. Lakini habari za almasi hakuzipenda. Alichopenda kusimulia ni asubuhi.

Kabla jua halijatoka, mji mzima ulikuwa unasema shwaa, shwaa, shwaa. Ni mafagio. Usiku upepo umelundika mchanga kwenye kila mlango, na mwenye nyumba hatoki mpaka afagiliwe. Wanawake kumi na wawili walipita nyumba kwa nyumba, sepetu kwanza, ufagio baadaye, na mama yake Ouma alikuwa mmoja wao. Walifagia kikavu. Kumwagia mchanga maji, kama tunavyofanya sisi, kule ungeonekana kichaa, kwa sababu maji yaliletwa na meli kwa mapipa, yakagawiwa kwa debe, na kila debe lilikuwa na namba ya nyumba. Na watu hawakuamkiana "umelalaje". Waliulizana, "Umetoka?" Anayejibu anasema, "Nimetoka." Ndiyo salamu yao ya asubuhi.

Ikafuata harufu ya mikate. Halafu mkokoteni wa barafu. Ndiyo, barafu, katikati ya jangwa. Palikuwa na mashine, na kila nyumba kubwa ilipata nusu mche kwa siku. Mkokoteni ulivutwa na nyumbu, barafu imefunikwa magunia, na watoto wa wafagiaji walikimbia nyuma wakinyonya pembe za magunia yaliyolowa. Ouma alikuwa anaonyesha jinsi walivyonyonya. Bibi wa miaka tisini, amefunga macho, ananyonya kona ya mto wa kulalia. Alasiri upepo ukianza hakuna aliyetembea ovyo. Mabibi wa nyumba kubwa walishonea vipande vya madini ya risasi kwenye pindo la gauni ili upepo usiwavue heshima. Nguo zilizofuliwa zilikauka kabla hujaanika ya mwisho. Ukumbini palikuwa na piano, na kwa kuwa mchanga uliingia ndani yake, kulikuwa na sauti saba ambazo hazikulia tena, na watu wote wa mji waliimba nyimbo zao wakiziruka hizo saba. Ouma alikuwa akiimba hivyohivyo. Ananyamaza katikati, anainua kidole, anaendelea.

Mimi nilimsimulia ziwa.

"Maji matamu?" akauliza. "Ya kunywa?"

"Ya kunywa, Ouma. Unachota na kunywa."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka huoni mwisho."

"Na nani anayagawa?"

"Hakuna anayeyagawa."

"Wewe ni mwongo, Koma. Haya, paka mguu mwingine."

Katika kila hadithi yake mkosaji alikuwa na jina. Siku moja Rakel mdogo alipata homa, mama yake akachelewa kufagia mlango wa meneja. Meneja alikuwa anaitwa Brandt. Brandt akaamuru debe la kibanda chao lisijazwe siku mbili. Hakusema "walitunyima maji". Alisema Brandt, na herufi akanitajia. Nami nilipomsimulia yetu, nikasema, "Askari walikuja." Akanikatiza.

"Jina lao nani?"

"Sijui, Ouma. Askari tu."

"Tafuta," akasema. "Wasio na majina hawalali, wanakuja tena."

Sijayapata mpaka leo. Ndiyo maana niliyonayo siyafichi.

Sasa, jambo lenyewe. Kuna hadithi moja aliisimulia mara moja tu. Nyuma ya kilima, kwenye vibanda vya watumishi, hakuna aliyefagiliwa. Mama yake alifagia milango ya wakubwa kwanza, wa kwao mwisho. Na milango ya vibanda ilifunguka kwenda nje. Palikuwa na dobi mzee, mwanamke aliyeishi peke yake. Asubuhi moja mchanga ulikuwa umepanda mpaka kitasa. Walimsikia akiita ndani. Wafagiaji walikuwa bado kwenye nyumba kubwa. Watoto wakachimba kwa mikono, Rakel mmoja wao, na walipoufungua mlango jua lilikuwa limesimama utosini na dobi alikuwa ameacha kuita.

"Mimi siogopi kufa," akaniambia. "Nisifie nyuma ya mchanga tu. Mlango wangu uwe umefagiwa. Umesikia?"

Nilisikia. Nikasema, "Nakuahidi, Ouma." Nikacheka kidogo, maana Johannesburg mchanga uko wapi?

Mwezi wa nane ukanijibu. Ninyi mnaoishi kusini mwa jiji mnajua: ule upepo wa mwezi wa nane unapoyapitia yale malundo ya machimbo ya dhahabu, unakuja na vumbi la njano, laini kama unga, linapita hata penye dirisha lililofungwa. Asubuhi moja nikaingia chumba cha nne na kulikuwa na mstari wa njano chini ya dirisha, na mwingine mlangoni. Ouma alikuwa ameketi wima kitandani, uso umeng'aa. Miaka sitini na kitu amekaa mbali na mji wake, hamsini kati ya hiyo akifagia nyumba za watu wa Johannesburg, na sasa mji umemfuata.

Nikachukua kitambaa chenye maji. "Nee, nee!" akapiga kelele. "Maji kwenye mchanga! Una wazimu? Lete ufagio."

MaKhumalo akamletea kutoka kwao ufagio wa majani, ule mfupi wa mkono, umefungwa kwa uzi mwekundu. Tukamkalisha kwenye kiti kifupi karibu na mlango. Akafagia. Kutoka ndani kwenda nje, mipigo mifupi, mikavu, shwaa, shwaa, dakika kumi. Alipomaliza akavuta pumzi. Nikamuuliza, "Ouma, umetoka?" Akajibu, "Nimetoka." Kuanzia hapo ikawa kila siku, kukiwa na vumbi au hakuna. Akaacha kulialia jioni. Vidonge vyake viwili daktari aliviondoa. Vijana, nawaambia, ule ufagio ulikuwa dawa, ila haukuwa na karatasi.

Siku moja akainuka kutoka kwenye kile kiti kabla sijamshika, akaanguka. Nyonga haikuvunjika, ilichubuka tu. Lakini kuanguka huandikwa. Matroni Estelle akaja, akachukua ufagio kwa vidole viwili, akaufungia kwenye stoo ya mashuka. Akaamuru Ouma afungwe mkanda kwenye kiti.

"Ni ufagio tu, Matroni," nikasema. "Nitakaa naye mimi."

Akanitazama. "Elie, yale makaratasi yako yanaisha lini?"

Aliuliza hivyo tu. Nikaenda kukunja mashuka.

Ufunguo wa stoo, ndugu zangu, ulikuwa umetundikwa kwenye msumari karibu na birika. Haikuwa benki. Kila siku nilichukua mashuka mle na kila siku niliuona ule uzi mwekundu. Ouma akiniuliza, namjibu "môre", yaani kesho. Na Kiafrikana kina hila yake: môre ni kesho, na môre ni salamu ya asubuhi pia. Siku ya kumi hivi nikaingia nikasema, "Môre, Ouma." Akaniambia, "Ndiyo. Kila siku ni môre. Ufagio uko wapi?"

Wakati huo tuliongezewa mtu. Nilimtafutia kazi mimi mwenyewe: Faustin, Mrundi wa Bujumbura, tulikuwa tunasali pamoja. Kijana mpole wa miaka thelathini, anayemwamkia hata paka wa jikoni. Nikamfundisha kama MaKhumalo alivyonifundisha: mikono moto, shuka mara nne, inuka kwa "tatu". Nilimfundisha yote isipokuwa neno moja.

Sikulisahau. Siku tuliyofika mlango wa chumba cha nne, neno lilikuwa ulimini mwangu. Nikaliacha makusudi. Nilitaka akimbie kama nilivyokimbia. Nilitaka saa ya chai niwe mimi ninayesimulia, na yeye ndiye awe anaitwa Koma, mimi niitwe Elie. Huo ndio ubaya wangu wote, na ukiutazama ni mdogo, unaingia kwenye kikombe cha chai.

Siku mbili alifanya kazi upande mwingine. Siku ya tatu mimi nilikuwa kwenye foleni ya kuongeza muda wa makaratasi, nimesimama tangu alfajiri. Faustin akapewa zamu yangu. Na upepo ukavuma siku hiyo. Pale kwenye foleni tulijifunika nyuso kwa bahasha zetu, na mimi nilipoona lile vumbi la njano linapita juu ya vichwa vya watu, nilifikiri: Ouma leo yuko mjini kwao. Nilifurahi. Mungu ananiona, nilifurahi.

Yaliyotokea nimeyapata kwa Faustin mwenyewe. Baada ya chakula cha mchana aliingia na kitambaa cha kupangusa dirisha. Ouma alikuwa kwenye kiti, amefungwa mkanda, anatazama mlangoni ambako vumbi lilikuwa linaingia. Akamnyooshea mkono.

"Kom," akamwambia. "Kom, kom!"

Faustin akasimama. Akaomba radhi. Ouma akapaza sauti. Faustin akaweka kitambaa chini, akarudi nyuma kwa adabu, akatoka. Na ili mtu mzima asiudhike zaidi, akafunga mlango. Akakaa kwenye korido, kwenye benchi, akimsikia akisema koma, koma. Alikaa mpaka Ouma akanyamaza. Akafikiri amelala.

Mimi nilifika saa kumi, karatasi mpya mfukoni. Nikamkuta Faustin pale benchini, ameketi wima kama mtu aliye kanisani.

"Yukoje Ouma?"

"Amepumzika, Kaka Elie. Alikuwa hataki mtu. Alinikemea sana."

Nikasukuma mlango, ukagoma. Ukafunguka kidogo, ukagoma tena. Ouma ndiye aliyekuwa nyuma yake.

Ule mkanda sijui aliufunguaje kwa vidole vile. Alikuwa ameshuka kwenye kiti na kutambaa mpaka mlangoni. Kitambaa chake cheupe cha kichwa alikuwa amekivua, amekikunja, amekishika mkononi. Sakafu nzima ya kile chumba ilikuwa ya njano, isipokuwa karibu na kizingiti. Pale palikuwa safi, pakubwa kama sinia. Amefagia kikavu, kutoka ndani kwenda nje, kama inavyotakiwa.

MaKhumalo alikuja akapiga magoti, akamfumba macho. Halafu akaniambia bila kunitazama, "Nenda kalete." Nikaenda kwenye msumari, nikachukua ufunguo, nikafungua stoo, nikarudi na ufagio. Haikuchukua hata dakika. Siku zote zile nilizosema môre, ilikuwa kazi ya dakika moja.

Nikafagia chumba chote. Nikafagia kizingiti na korido mpaka mlango mkubwa, kwa sababu watu wa gari la maiti walikuwa wanakuja. Matroni Estelle alisimama pale na karatasi yake. Walipompitisha nilisema kwa sauti ndogo, kwa Kiafrikana chake, "Ouma, umetoka?" Nikangoja kidogo, kwa heshima. Wabebaji wakadhani nasali.

Faustin alikuwa bado benchini. Nikakaa karibu naye.

"Faustin. Kom, kwa lugha yao, ni njoo."

Nilimwona akirudisha maneno ya Ouma moja moja kichwani mwake na kuyageuza.

"Njoo? Aliniita?"

"Alikuwa anakuita."

"Muda wote ule?"

"Ndiyo."

Akafuta mikono kwenye magoti, akafuta tena. Kisha akauliza polepole, bila hasira, na heri angenipiga:

"Na wewe ulikuwa unajua, Kaka Elie?"

"Nilikuwa najua."

Hakurudi kazini. Ana spaza, kiduka chake cha mtaani, Soweto sasa, ana watoto. Tukikutana kwenye misiba ya watu wetu ananiamkia, maana anamwamkia kila mtu. Kwenye kitabu cha Matroni Estelle iliandikwa kwamba mhudumu Faustin alimwacha mgonjwa bila uangalizi. Hiyo ndiyo karatasi iliyobaki. Kwa hiyo mimi naandika nyingine: Brandt alinyima maji. Estelle alifungia ufagio. Elie, mwana wa Baraka, alijua neno akalificha ili acheke. Faustin hana kosa.

Nilifanya kazi ile miaka mingine zaidi ya ishirini. Niliwafumba macho wengi, nikageuza wengi, na kwa kila mgeni aliyeingia kazini nilisema lile neno kabla ya kumwonyesha hata bomba la maji. Waliniona mzee mwenye kichaa kimoja. MaKhumalo alipostaafu alinipa ule ufagio. Majani yamebaki machache, uzi mwekundu umekuwa kama chai. Nimeutundika jikoni kwangu. Neema hawezi kuongea Kiswahili vizuri, anajibu kwa Kiingereza na Kizulu, lakini sahani anaipanga kifudifudi na hajui ameipata wapi: kwa bibi yake wa ziwani au kwa mwanamke wa jangwani. Mimi mwenyewe siku hizi siwezi kuwatenganisha.

Leo upepo umeanza. Naandika hapa na karatasi inageuka njano. Daktari amenikataza kuinama, kwa hiyo nafagia nikiwa nimekaa kwenye kiti kifupi, karibu na mlango. Nafagia kikavu huku naimba nyimbo zake, nikifika kwenye zile sauti saba nanyamaza, halafu naendelea.

Hayo mengine mtajifunza kwa mikono, na mgongo wenu utawaambia. Lakini mtakutana na bibi au babu wa Kiafrikana, amenyoosha mkono, anawatazama ninyi wenye Kiswahili, na atasema neno hilo. Msikae kwenye benchi. Kom ni njoo. Nimewaambia.